Mchapaji wa Biblia na Deni la Kanisa la Mtakatifu Thomas

Usharika unapotimiza miaka mia moja, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni daftari. Makabati ya ofisi hufunguliwa, na madaftari ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya sadaka hutolewa nje, mengine yakiwa yameliwa na mchwa pembeni, na majina ya waliotangulia husomwa tena. Walioyaandika hawakudhani kwamba wanaandika historia. Walikuwa wakitunza hesabu tu. Ndivyo ilivyotokea pia kwa kitabu ambacho madaftari hayo yote yamewekwa kando yake, yaani Biblia iliyochapwa. Waumini wa Kilutheri nchini Tanzania waliipokea Biblia nzima ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl na kuchapwa Stuttgart mwaka 1937, na baadaye ile ya muungano ya mwaka 1952, lakini mzizi wa vitabu hivyo viwili uko Mainz, Ujerumani, katika karakana ya Johannes Gutenberg. Huyo ndiye aliyechapa Biblia kwa mara ya kwanza barani Ulaya kwa kutumia herufi za madini zinazopangwa na kupanguliwa. Hakuna picha yake iliyochorwa akiwa hai. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana juu yake ilihifadhiwa na makarani wa mahakama na watunza hesabu, kwa sababu mtu huyu alidaiwa, na alidaiwa tena na tena.

Mmoja wa wadai wake alikuwa kanisa. Ni kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Strasbourg, mji ulioko leo Ufaransa karibu na mto Rhine, ambao katika karne ya 15 ulikuwa mji huru wa Dola Takatifu ya Kirumi na watu wake walisema Kijerumani. Tangu mwaka 1524 kanisa hilo limekuwa la Kiinjili, na hadi leo ni moja ya makanisa mashuhuri ya Walutheri wa Alsace. Lakini miaka themanini kabla ya Matengenezo lilikuwa na baraza la makanoni, yaani mapadre walioishi kwa mapato ya wakfu. Baraza hilo ndilo lililomfungulia mashitaka mchapaji wa Biblia, na lililoendelea kuliandika dai lake vitabuni hata baada ya mdaiwa kuwekwa kaburini. Kwa Kanisa lenye vitabu vya hesabu na wadaiwa wake, habari hiyo si ngeni kama umbali wake unavyoonekana.

Msomaji asidhani kwamba Gutenberg alikuwa mtu duni asiyejua mahakama. Alizaliwa Mainz yapata mwaka 1400 katika ukoo wa mabwana wa mji, akauacha mji huo wakati wa ugomvi baina ya mabwana na vyama vya mafundi, akahamia Strasbourg. Mara ya kwanza anapoonekana huko katika shauri la fedha, yeye ndiye mdai. Mji wa Mainz ulikuwa na deni lake la gulden 310, sarafu za dhahabu za wakati ule, zilizotokana na malipo ya kila mwaka ambayo mji haukumlipa. Mwaka 1434 karani wa mji wa Mainz, Nikolaus von Wörrstadt, alipopita Strasbourg, Gutenberg alimkamatisha kwa ajili ya deni la mji wake. Baraza la Strasbourg lilimsihi, na tarehe 14 Machi akakubali karani huyo aachiliwe. Ni vema jambo hili likumbukwe katika yatakayofuata. Mtu ambaye baadaye aliitwa mbele ya mahakama mara kwa mara alianza akiwa mdai, tena mdai asiye na subira.

Shauri la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ndilo lililoandikwa kwa utimilifu kuliko yote. Mwaka 1438 Gutenberg alikuwa na ushirika wa biashara na watu watatu wa Strasbourg: Hans Riffe, Andreas Heilmann na Andreas Dritzehn. Kazi waliyoianza ilikuwa kutengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji watakaokwenda Aachen. Hija hiyo ilitazamiwa mwaka 1439, lakini ikaahirishwa hadi 1440, huku fedha zikiwa zimekwisha kuzama katika kazi. Ndipo washirika walipoomba wafundishwe na ufundi mwingine alioujua, ule aliokuwa akiuficha. Makubaliano mapya yakafanywa kwa muda wa miaka mitano. Ndani yake liliwekwa sharti ambalo wakati ule huenda lilionekana kama tahadhari ya mtu mwoga: mshirika akifa, warithi wake hawataingia mahali pake, bali watapewa gulden 100 muda utakapokwisha. Siku za Krismasi mwaka huohuo Andreas Dritzehn akafa.

Ndugu zake wawili, Jörg na Klaus, wakafika mahakamani. Walidai wapokewe katika ushirika badala ya marehemu, la sivyo warudishiwe fedha alizotia, kwa kuwa aliweka rehani urithi wa baba yake kwa ajili ya kazi hiyo. Dai lao halikuwa la uongo. Mwanamke mmoja, Bärbel von Zabern, alitoa ushahidi jinsi alivyozungumza usiku na Andreas akiwa katika shughuli yake, naye akamweleza ni fedha nyingi kiasi gani zilizokwisha kuingia humo. Mfua dhahabu Hans Dünne alisema kwamba miaka kama mitatu nyuma alipata kwa Gutenberg karibu gulden 100 kwa vitu vilivyohusu uchapaji peke yake. Mtumishi wa Gutenberg, Lorenz Beildeck, alieleza alivyotumwa baada ya kifo kwenda kuwaambia wenye nyumba wasimwonyeshe mtu yeyote chombo kilichokuwa humo. Inafaa kuonwa hapa jinsi ugomvi wa fedha unavyofunua yaliyofichwa: lile neno la uchapaji lililotamkwa kwa shida mbele ya baraza ndilo moja ya mashahidi wa kale kabisa wa kazi ambayo Gutenberg alitaka isijulikane.

Jibu la Gutenberg ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Hakukana kwamba marehemu alitoa fedha, wala hakutafuta huruma kwa kueleza hasara ya vioo. Alileta masharti ya makubaliano na alileta hesabu. Alisema Andreas aliahidi kiasi fulani na akafa akiwa bado anadaiwa gulden 85. Makubaliano yaliwapa warithi gulden 100. Ukiondoa 85 katika 100, zinabaki 15. Tarehe 12 Desemba 1439 baraza la Strasbourg, baada ya kuwasikiliza mashahidi na kwa kiapo, liliamua kwamba Jörg na Klaus wapewe gulden 15 na wasiingie katika ushirika. Kwa ndugu waliofiwa, walioona urithi wa baba yao ukiyeyuka katika kazi wasiyoielewa, hukumu hiyo ilikuwa chungu, na ni haki kusema hivyo. Lakini ilikuwa na mwisho. Kila upande ulijua ni kwa nini tarakimu ile ilikuwa 15 na si nyingine.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Novemba 1442, Gutenberg aliingia katika mkataba na makanoni wa Mtakatifu Thomas. Alipokea kutoka kwao pauni 80 za Strasbourg, naye akaahidi kuwalipa pauni 4 kila mwaka. Mdhamini wake alikuwa Martin Brechter, raia wa mji huo, na dhamana yenyewe ilikuwa mapato ya gulden 10 kwa mwaka ambayo Gutenberg aliyarithi kwa mjomba wake na ambayo yalilipwa na mji wa Mainz. Sheria ya Kanisa la wakati ule ilikataza riba, na kwa hiyo karatasi haikusema kwamba fedha zimekopeshwa. Ilisema kwamba kanisa limenunua pato la mwaka, na kwamba muuzaji atalitoa pato hilo daima, mpaka atakapolikomboa kwa kurudisha pauni zote 80. Mtu akiita jambo hilo ununuzi au akiliita mkopo wa asilimia 5, pauni 4 zilikuwa zilezile. Makanisa mengi, nyumba za watawa na hospitali za Ujerumani ziliishi kwa mikataba ya namna hiyo. Kwa miaka kumi na mitano Gutenberg alilipa, na makarani wa Mtakatifu Thomas wakaandika kwamba amelipa.

Katika miaka hiyo alirudi Mainz, na huko ndiko ilikofanyika kazi iliyomfanya akumbukwe. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi kuliko alizokuwa nazo: madini, karatasi, ngozi, wino, mashine na mishahara ya mafundi. Mwanasheria na mfanyabiashara Johann Fust alimpa gulden 800, na mwaka 1452 nyingine 800 kwa ajili ya kile kilichoitwa kazi ya vitabu. Kazi hiyo ilikuwa Biblia ya Kilatini yenye mistari 42 katika ukurasa, nakala zipatazo 180. Machi 1455 Enea Silvio Piccolomini, ambaye baadaye alikuwa Papa Pius II, aliandika juu ya kurasa za Biblia hiyo zilizoonwa Frankfurt, akisifu maandishi yake kwa usafi na urahisi wa kusomeka. Kabla mwaka huo haujaisha, Fust na Gutenberg walikuwa mahakamani.

Fust alidai gulden 2,026, mtaji pamoja na riba. Gutenberg alijibu kwamba gulden 800 za kwanza hazikumfikia zote kwa wakati mmoja; kwamba Fust alimwahidi kwa mdomo kuwa hataichukua riba iliyoandikwa; na kwamba Fust alipaswa kutoa gulden 300 kila mwaka kwa gharama na mishahara, naye hakutoa. Kuhusu gulden 800 za pili alisema zilikuwa za kazi yao wote wawili, naye yuko tayari kutoa hesabu. Yawezekana kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Lakini likilinganishwa na lile la mwaka 1439, udhaifu wake unaonekana mara moja. Mkataba ulitaja riba, na kinyume chake palikuwa na ahadi ya mdomo tu. Hesabu iliahidiwa, haikuletwa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo ungeweza kuandikwa juu ya mlango wa karakana ile.

Hati iliyobaki ya shauri hili iliandikwa na mthibitishaji Ulrich Helmasperger tarehe 6 Novemba 1455, na sasa imehifadhiwa Göttingen. Inasimulia kwamba Fust alifika katika chumba cha chakula cha watawa wa Mtakatifu Fransisko mjini Mainz, kabla ya saa sita mchana, ili kuapa kama mahakama ilivyoagiza: kwamba yeye naye alikopa gulden 1,550 na akazilipia riba. Gutenberg hakuja. Walikuja kwa niaba yake padre Heinrich Günther, aliyewahi kuwa paroko wa Mtakatifu Christopher, na wafanyakazi wawili, Heinrich Keffer na Bechtold von Hanau, kusikiliza yatakayosemwa. Upande wa Fust alisimama Peter Schöffer, fundi wa karakana ileile. Hukumu ilimtaka Gutenberg atoe hesabu ya mapato na matumizi yote, alipe riba, na arudishe fedha ambazo hazikutumika kwa faida ya wote wawili. Tarehe 14 Agosti 1457 kilitoka kitabu cha Zaburi kizuri ajabu, kilichochapwa kwa wino wa rangi, nacho mwishoni kilitaja majina ya waliokitengeneza: Johann Fust na Peter Schöffer.

Mwaka 1458 makarani wa Mtakatifu Thomas hawakupokea pauni 4 za Mainz. Hawakuzipokea mwaka uliofuata, wala ule mwingine.

Hapa ndipo dai la kanisa lilipochukua umbo lake la kuchosha. Mtanzania wa leo amezoea kanuni mbili zinazolinda watu dhidi ya madai yasiyokwisha. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inakataza shauri lililokwisha kuamuliwa baina ya watu walewale lifunguliwe upya, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inaweka muda wa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Lakini mkataba wa pato la mwaka una tabia ya pekee. Kila mwaka unapopita bila malipo, deni jipya huzaliwa, na mdai husema kweli anaposema kwamba hili la mwaka huu halijawahi kuamuliwa. Dai hurudi si kwa sababu mdai ni mkorofi, bali kwa sababu karatasi yenyewe imelipanda kama mti wa matunda. Dawa ya deni ni kulipa, husema wahenga, lakini deni la namna hii lilikuwa na dawa mbili tu: kulipa daima, au kurudisha pauni 80 kwa mara moja. Aliyekuwa amepoteza chombo chake cha kazi hakuwa na uwezo wa lolote kati ya hayo.

Mwaka 1461 makanoni waliwashitaki Gutenberg na mdhamini wake Brechter katika mahakama ya Dola iliyokuwa Rottweil, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Gharama za wito ziliingizwa katika vitabu vya kanisa, na hivyo upande wa matumizi ukaongezeka huku upande wa mapato ukibaki mtupu. Gutenberg, ambaye mwaka 1439 alileta masharti na tarakimu, na mwaka 1455 angalau alituma watu, safari hii hakulipa, na hakuna jibu lake lililobaki. Kimya hicho kinaweza kueleweka. Oktoba 1462 Mainz yenyewe ilitekwa na majeshi ya Adolf wa Nassau katika vita vya maaskofu wawili waliogombea kiti kimoja, na raia wengi walifukuzwa. Hata hivyo kimya si jibu mbele ya kitabu cha hesabu. Aliyejibu kwa tarakimu alimaliza shauri kwa gulden 15. Aliyenyamaza alibaki mdaiwa kwa miaka iliyosalia ya uhai wake, na Brechter aliyemdhamini alibaki ameandikwa pamoja naye.

Mwaka 1465 askofu mkuu Adolf, yuleyule aliyeuteka mji, alimpa Gutenberg heshima ya kuwa mtu wa nyumba yake: mavazi kila mwaka, nafaka na divai. Ilikuwa rehema iliyomwezesha kuishi, lakini haikuwa fedha ya kulipia Strasbourg. Alikufa mwanzoni mwa mwezi Februari 1468. Siku chache baadaye, tarehe 26 mwezi huo, mwanasheria Konrad Humery aliandika hati kukiri kwamba amepokea herufi na vyombo vya kuchapia vilivyoachwa na marehemu, kwa kuwa vilikuwa mali yake yeye Humery. Kwa hiyo hata vyombo vya kazi vya siku zake za mwisho vilikuwa vya mtu mwingine. Makanoni wa Mtakatifu Thomas waliendelea kulibeba deni vitabuni mpaka mwaka 1474, ndipo walipolifuta kama deni lisiloweza kupatikana.

Je, kanisa lilitenda vibaya? Kwa sheria ya wakati ule, hapana. Fedha zilikuwa za wakfu, makanoni walikuwa wasimamizi tu, na msimamizi asiyedai mali ya wakfu angeulizwa na wenzake. Lakini swali hilo halikuachwa kwa wanasheria peke yao. Mwaka 1520 Martin Luther alitoa hotuba yake ndefu juu ya riba, na mwaka 1524 akaichapa tena pamoja na maandiko yake juu ya biashara. Ndani yake aliushambulia waziwazi mkataba wa kununua pato la mwaka, ule aliouweka sahihi Gutenberg. Luther hakuukataa wote. Kiwango cha 4, 5 au 6 kwa 100 aliweza kukivumilia, mradi pato limefungwa kwenye mali inayojulikana. Alichokikataa ni mnunuzi kukaa salama huku muuzaji akibeba hatari zote peke yake. Kwa maoni yake, mnunuzi wa pato lazima ashiriki hatari ya kazi ya muuzaji, hata muuzaji aweze kumwambia bila hila kwamba mwaka huu kazi yangu haikufanikiwa, na kwa hiyo sina ninalokuwia. Wala hakuficha kwamba waliotajirika kwa mikataba hiyo walikuwa ni makanisa na nyumba za watawa, wakisingizia utumishi wa Mungu. Mchapaji wa Mainz alikuwa amekufa zaidi ya miaka hamsini, lakini jibu ambalo halikuonekana Rottweil lilikuwa limechapwa, kwa ufundi wake mwenyewe, na kusambazwa Ujerumani nzima.

Maandiko hayo yalisomwa Strasbourg pia. Mwaka 1523 mkuu wa baraza la Mtakatifu Thomas alikuwa Wolfgang Capito, aliyejiunga na Matengenezo, na kuanzia mwaka 1531 Martin Bucer alikuwa mchungaji wa kanisa hilo. Wakfu haukuvunjwa. Mji ulipofungua shule yake kuu ya Kiinjili mwaka 1538 chini ya Johannes Sturm, mapato ya Mtakatifu Thomas, ambayo zamani yaliwalisha makanoni, yalianza kutumika kuwatunza walimu. Baraza liliendelea kuwepo kama taasisi ya Kiprotestanti, na kumbukumbu zake zikapita mikononi mwa Walutheri, pamoja na zile hesabu ambamo pauni 4 za Johannes Gutenberg zimeandikwa kuwa zimepokewa hadi mwaka 1457, na kuanzia mwaka 1458 hazikupokewa.